Kitabu au Upanga? Hotuba juu ya Papa Julius wa Pili

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, masista, wazee wangu, majirani zetu Walutheri na Waanglikana mlioitikia mwaliko, ndugu zangu kutoka msikitini, na ninyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango ili mkichoka mtoroke bila kuonekana: karibuni sana.

Mada hii ilizaliwa sebuleni kwangu. Mei 2025, katika zile siku mbili za kungoja moshi mweupe, vijana walijazana mbele ya televisheni yangu. Makardinali wakaingia katika Kikanisa cha Sistina wakiimba litania, na kabla mlango haujafungwa kamera ikainuka ikaonyesha dari. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, ile dari nani aliiagiza?" Nikamwambia: Papa mmoja aliyekuwa akienda vitani mwenyewe. Akacheka, akidhani natania. Nimefundisha historia miaka 34 na bado sijazoea kuchekwa ninaposema kweli, kwa hiyo jioni ya leo ihesabuni kuwa kisasi changu.

Twendeni Bologna, kaskazini mwa Italia, mwishoni mwa mwaka 1506. Papa Julius wa Pili ameutwaa mji na amekaa humo kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Mbele yake analetwa Michelangelo Buonarroti, mchongaji wa Firenze, ambaye miezi saba nyuma alimtoroka Papa huko Roma kwa hasira ya kuzungushwa fedha za marumaru. Askofu mmoja aliyekuwapo, kwa nia njema kabisa, akajaribu kumwombea: Baba Mtakatifu, msamehe, mafundi hawa ni watu wajinga, nje ya ufundi wao hawajui kitu. Papa akamgeukia yule askofu. Mjinga ni wewe, akamwambia, si yeye! Akaamuru atolewe nje, na wanaosimulia wanasema alisindikizwa kwa mapigo. Michelangelo akasamehewa palepale, akapewa kazi: sanamu ya Papa, ya shaba, kubwa kuliko kimo cha mtu mara kadhaa, ikakae juu ya mlango wa kanisa la Mtakatifu Petronio ili watu wa Bologna waamke nayo kila asubuhi.

Mkono wa kulia wa sanamu ulikuwa umeinuliwa. Papa alipoona mfano wake wa udongo akauliza: huu mkono unabariki au unalaani? Unawaonya watu wa hapa wawe na akili, akajibu fundi. Na wa kushoto, nikushikishe kitabu? Kitabu cha nini, akasema Papa. Nishikishe upanga, mimi si mtu wa kusoma.

Kisa hiki kiliandikwa na watu waliomjua Michelangelo, yeye akiwa bado hai. Nimekitanguliza kwa sababu naamini Papa hakujijua. Vita vyake nitawasimulia, maana vina utamu wake na najua ndivyo vilivyowaleta. Lakini miji aliyoipigania ilikwisha kutoka mikononi mwa Kanisa kitambo. Vinavyotugusa hata sisi, chini ya bati hili, ni makaratasi: hati alizozitia muhuri katikati ya shughuli nyingine, baadhi yake nadhani bila kuzifikiria mara mbili.

Alizaliwa mwaka 1443 Albisola, karibu na Savona, pwani ya Liguria, akaitwa Giuliano della Rovere. Ukoo haukuwa na mali ya kutaja. Ulikuwa na mtu mmoja: ndugu wa baba yake, Francesco, Mfransisko msomi aliyepanda hadi kuwa mkuu wa shirika zima. Wafransisko ndio waliomlea na kumsomesha Giuliano. Mwaka 1471 Francesco akachaguliwa kuwa Papa Sixtus IV, na kabla ya Krismasi ya mwaka huohuo mtoto wa ndugu yake alikuwa kardinali, akiwa na miaka 28. Wazee mnalikumbuka lile neno la magazetini, undugunaizesheni. Waitalia nao wana neno lao, na wamelitoa moja kwa moja katika neno lao la kumwita mtoto wa ndugu. Huyo Sixtus ndiye aliyejenga Kikanisa cha Sistina, ndiyo maana kina jina lake.

Kanisa alilopewa kijana kardinali lilikuwa San Pietro in Vincoli, yaani Mtakatifu Petro katika Minyororo. Likumbukeni. Sista aliyekaa mstari wa pili ana picha yake kwenye simu, aliipiga akiwa masomoni Roma. Tutamrudia.

Mwaka 1492 upapa ukaenda kwa hasimu wake, Rodrigo Borgia, aliyejiita Alexander VI. Giuliano hakuweza kukaa naye mji mmoja. Akajifungia katika ngome ya Ostia, kisha akakimbilia Ufaransa, na huko akamchochea Mfalme Charles VIII ashuke Italia na jeshi lake. Mwaka 1494 Charles akashuka. Kwa hiyo mtu atakayemaliza uzee wake akiwafukuza Wafaransa kutoka Italia alikuwa miongoni mwa waliowaonyesha njia ya kuingilia. Yeye mwenyewe sijui popote alipowahi kulisema hilo kwa sauti.

Alexander akafa Agosti 1503. Aliyemfuata, Pius III, alikaa siku 26 tu tangu achaguliwe akafa naye. Tarehe 31 Oktoba makardinali wakaingia tena kwenye uchaguzi, na kesho yake, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Giuliano ni Papa Julius II. Mojawapo ya chaguzi fupi kuliko zote katika historia ya upapa! Ufupi huo ulikuwa na gharama. Cesare Borgia, mtoto wa marehemu Alexander, alikuwa na kura za makardinali wa Kihispania mkononi. Giuliano akamwahidi cheo cha kuongoza majeshi ya Kanisa. Wengine waliahidiwa mengine, maana mkono mtupu haulambwi. Cesare akatoa kura zake, na haikuchukua muda akajikuta mfungwa wa mtu aliyempigia debe. Halafu, Januari 1505, Papa akatia muhuri hati inayosema uchaguzi wowote wa Papa ulionunuliwa ni batili. Aliyeingia kwa kupitia dirisha ndiye anayejua pa kupigilia misumari.

Alikuwa pia na binti, Felice, aliyemzaa akiwa kardinali. Naona masista wameinamisha macho. Tusonge mbele.

Tarehe 26 Desemba 1503 hajamaliza hata miezi miwili kitini. Mezani kwake kuna ombi kutoka Uingereza na Hispania. Mwana mkubwa wa mfalme wa Uingereza, Arthur, amefariki na kumwacha mjane, Catherine wa Aragon. Wakubwa hawataki kupoteza ule undugu na mahari yake, basi wanaomba mjane aolewe na mdogo wa marehemu. Kwetu wapo watakaosema, si kurithi mjane tu, kuna ajabu gani? Lakini kwa sheria ya Kanisa ilihitajika ruhusa ya Papa. Julius akaitoa. Mdogo wa marehemu alikuwa mvulana wa miaka 12 jina lake Henry. Alipokuwa Mfalme Henry VIII alimwoa Catherine, 1509, na alipomchoka baada ya miaka karibu ishirini, hoja yake ilikuwa kwamba Papa Julius hakuwa na mamlaka ya kuitoa ile ruhusa. Papa aliyekuwapo wakati huo hakukubali kuifuta. Mwaka 1534 bunge la Uingereza likamtangaza mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la nchi yake. Baba Kasisi wa Kianglikana anacheka. Ndiyo, Baba, katika mlolongo uliowafikisha ninyi hapo ng'ambo ya barabara, mojawapo ya pete ni sahihi ya mtu huyu siku moja baada ya Krismasi.

Sasa niruhusuni nikae kwenye mwezi mmoja tu, Januari 1506, maana ungeondoa miaka mingine yote ukaacha mwezi huo, bado ungemjua Julius.

Tarehe 14 watu waliokuwa wakichimba katika shamba la mizabibu huko Roma, kilima cha Esquilino, wakakutana na sanamu ya kale ya marumaru: mzee na wanawe wawili wakinyongwa na nyoka. Papa akatuma mtu haraka, na Michelangelo akaenda pia kuangalia. Ikatambulikana kuwa ni Laocoön, sanamu iliyosifiwa na waandishi wa Roma ya kale na kudhaniwa imepotea. Papa akainunua, akaiweka kwenye ua wa jumba la Belvedere. Makumbusho ya Vatikani yanahesabu umri wake kuanzia hapo.

Tarehe 22 vijana 150 kutoka Uswisi, chini ya Kaspar von Silenen, wakaingia Roma kwa miguu na kubarikiwa na Papa. Ndio mwanzo wa wale walinzi wa mavazi ya milia mliowaona kwenye televisheni yangu. Msidanganywe na mavazi. Roma ilipotekwa na kuporwa mwaka 1527, walinzi 147 walikufa kwa siku moja wakimfunika Papa wa wakati huo apate kukimbia.

Na tarehe 24, siku mbili tu baada ya hao Waswisi kuwasili, Julius akatia muhuri hati fupi iliyoombwa na Mfalme Manuel wa Ureno. Mwaka 1494 Wareno na Wahispania walikuwa wamekutana Tordesillas wakachora mstari baharini, legua 370 (kipimo cha zamani cha umbali) magharibi mwa visiwa vya Cabo Verde: vya magharibi vya Hispania, vya mashariki vya Ureno. Manuel alitaka mapatano hayo yathibitishwe na Papa ili jirani yake asije akageuka. Julius akathibitisha.

Wazee wangu, mashariki mwa mstari huo, ukizunguka Rasi ya Tumaini Jema, unafika wapi? Unafika Sofala, unafika Kilwa, unafika Mombasa.

Papa asingeweza kusema hakujua kinachoendelea katika bahari yetu. Mwaka 1504 Sultani wa Misri, Qansuh al-Ghawri, alimtuma Mfransisko mmoja kutoka Nchi Takatifu, Fra Mauro, aende Roma na malalamiko: Wareno wanashambulia meli na biashara ya Waislamu katika Bahari ya Hindi, na wasipozuiwa yeye Sultani ataharibu mahali patakatifu pa Wakristo Yerusalemu. Julius akampeleka mjumbe huyo mbele, kwa mfalme wa Ureno mwenyewe. Manuel hakurudi nyuma hata hatua moja. Kwa kweli meli zake zilikuwa zimekwisha kung'oa nanga.

Zilimbeba Francisco de Almeida. Zilifika Kilwa, na tarehe 24 Julai 1505 askari wakashuka. Mtawala, Amiri Ibrahim, alikuwa amekwisha kutoka mjini. Kuna masimulizi ya mtu aliyekuwa katika msafara huo, na kipande kimoja nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda. Anasema mapadre Wafransisko walishuka pwani na misalaba miwili, wakaenda kwa maandamano wakiimba Te Deum hadi jumba la mtawala, msalaba ukasimikwa, jemadari akasali. Kisha kila mtu akaanza kupora. Wiki chache baadaye Mombasa ikachomwa moto.

Wafransisko, wale waliomlea Giuliano. Na wimbo ni uleule tunaoimba sisi siku ya kushukuru.

Simbebeshi Julius moto wa Mombasa. Tarehe zenyewe zinamtetea: muhuri ulipogongwa, Kilwa ilikuwa imetwaliwa miezi sita kabla, na hati ile iliihusu Hispania tu, haikumwamuru mtu kuchoma mji. Ninachokisema ni kidogo kuliko hicho, na kwangu mimi ni kizito zaidi. Katika karatasi iliyogawa bahari hii hakuna aliyeona haja ya kuuliza kama kuna mtu anaishi humo. Desemba 1507 habari za ushindi wa Wareno katika Bahari ya Hindi zilisherehekewa Roma kwa ibada, na Mwaugustino Egidio wa Viterbo akahubiri mbele ya Papa kwamba zama za dhahabu zimefika. Wakati huo huko Kilwa askari wa Kireno walikuwa wamekaa katika ngome yao kandokando ya mji ambao biashara yake ilikuwa inakauka. Mwaka 1512 wakaiacha wenyewe. Mkienda Kilwa Kisiwani, jengo linaloitwa Gereza ndilo mtakaloonyeshwa mahali hapo, ingawa mengi ya kuta zake ni ya baadaye. Nimewapeleka wanafunzi pale mara tatu, na kila mara huishia kuzungumzia mstari wa Tordesillas huku mashua zikipita.

Turudi Italia, ambako mwenyewe alikuwa anadhani ndiko historia yake inaandikwa.

Maeneo yaliyoitwa nchi za Kanisa, kutoka Roma hadi mto Po, yalikuwa ya Papa kwa maandishi tu. Kila mji ulikuwa na bwana wake. Tarehe 26 Agosti 1506 Julius, mzee wa miaka 62, akatoka Roma juu ya farasi pamoja na makardinali wake na jeshi dogo. Kituo cha kwanza Perugia, mji wa Gian Paolo Baglioni, mtu ambaye hata ndugu zake walimwogopa. Papa hakungoja askari wake wajipange. Akaingia mjini karibu mikono mitupu, na Baglioni mwenye askari akapiga magoti. Aliyeshuhudia ni mjumbe wa Firenze, Niccolò Machiavelli, ambaye hakuacha kulistaajabia jambo hilo maisha yake yote: mbona Baglioni hakumkamata? Bologna haikungoja hata hayo. Giovanni Bentivoglio, aliyeitawala miaka zaidi ya 40, akakimbia usiku, na tarehe 11 Novemba Papa akaingia kama kaisari wa kale. Barabarani alikuwapo pia Erasmus wa Rotterdam, msomi mkubwa wa kizazi chake, na aliyoyaona yalimchukiza asiyasahau.

Venezia nitaipitia mbio. Ilikuwa imekalia miji ya Romagna. Papa akaungana na Ufaransa, Hispania na Kaizari Maximilian, akaitenga na sakramenti, na mwezi Mei 1509 jeshi la Venezia likavunjwa na Wafaransa huko Agnadello. Ilipokwisha kunyenyekea Julius akaisamehe, Februari 1510, akageuka na kuwaangalia washirika wake. Sasa Wafaransa ndio waliokuwa wamezidi nguvu. Waondoke Italia!

Katika vuli ya 1510 aliugua vibaya akiwa Bologna, homa ikamlaza kitandani adui wakiwa karibu na kuta. Alipoinuka alikuwa na ndevu. Mapapa wa siku zile hawakufuga ndevu, na watu wakasema ameapa kutozinyoa mpaka Wafaransa watoke. Raphael alimchora akiwa nazo, picha iko London: mzee amekaa kitini, macho chini, mkono mmoja umebana leso, mwingine umeshika mkono wa kiti kana kwamba kiti kitakimbia.

Ndipo ikaja Mirandola. Januari 1511, baridi ambayo wakazi wa huko wenyewe waliiona ya ajabu, theluji hadi magotini, maji ya handaki la ngome yameganda. Ndani ya ngome anaongoza mwanamke, Francesca Trivulzio, mjane, ambaye baba yake alikuwa jemadari wa mfalme wa Ufaransa. Nje majemadari wa Papa wanapiga miayo. Papa akaona wanazembea, akatoka kitandani, akaja mwenyewe. Miaka 67! Alikaa karibu kabisa na mizinga, akiwakaripia makapteni na kuwatania askari wa kawaida. Siku moja tufe la mzinga likapasua nyumba aliyokuwamo na kuua watu wawili jikoni. Akahamishwa, na haukupita muda akarudi palepale. Mji ulipokubali kushindwa tarehe 20 malango yalikuwa yamezibwa kwa udongo kutoka ndani. Kuyafungua kungechukua muda. Mzee akaegeshewa ngazi ukutani, akapanda, akaingia kwa kupitia tundu lililobomolewa na mizinga. Mwanahistoria Guicciardini aliandika kwamba kwa Papa huyu hakikubaki kitu cha kipapa ila vazi na jina.

Mimi, nakiri, nikiwa kijana nilikipenda kisa hicho kupita kiasi. Nilikifundisha kwa kupanda meza. Ilinichukua miaka mingi kuuliza swali ambalo mwanafunzi wa kike wa kidato cha tatu aliniuliza kwa dakika moja: "Halafu, Mwalimu, huo mji alikaa nao muda gani?" Miezi michache tu, mwanangu. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa umemtoka. Mei 1511 Bologna nayo ikaanguka, na siku zilezile mtoto wa ndugu yake, Francesco Maria, akamchoma kisu barabarani Ravenna Kardinali Alidosi, kipenzi cha Papa, wakilaumiana nani aliyeupoteza mji. Mwezi Desemba watu wa Bologna wakaifunga kamba ile sanamu ya shaba, wakaiangusha. Shaba yake ikamwendea Alfonso d'Este, mtawala wa Ferrara, fundi mashuhuri wa mizinga. Akaiyeyusha akatengeneza mzinga, akauita La Giulia. Yule aliyetaka kushikishwa upanga akageuzwa kuwa silaha ya adui yake.

Na bado hakushindwa. Siku ya Pasaka, 11 Aprili 1512, Wafaransa walishinda huko Ravenna katika mauaji ya maelfu, lakini jemadari wao kijana, Gaston de Foix, akafa palepale. Papa akawaita Waswisi. Walishuka milimani kwa wingi wakiongozwa na Kardinali Schiner, na katika wiki chache Wafaransa walikuwa wamekwisha kutoka Milano. Kwa kipimo chake mwenyewe alishinda. Miaka mitatu baadaye, yeye akiwa kaburini, walikuwa wamerudi.

Katikati ya kelele zote hizo, Roma, juu ya jukwaa la mbao, mtu mmoja alikuwa amesimama shingo imepinda nyuma, rangi zikimdondokea usoni. Michelangelo alianza dari mwaka 1508 akinung'unika kwamba kuchora si kazi yake, yeye ni mchongaji. Papa alikuwa na desturi ya kupanda ngazi (ngazi na mzee huyu!) kuuliza utamaliza lini. Nitakapoweza, alijibiwa. Kuna siku jibu hilo lilimponza fundi akapata fimbo, kisha Papa akatuma fedha na mtu wa kuomba radhi. Dari ilipofunguliwa, 31 Oktoba 1512, Papa alitaka iongezewe dhahabu, inaonekana maskini. Waliochorwa humu nao walikuwa maskini, akasema Michelangelo. Ikabaki hivyo.

Kulikuwa na jengo kubwa kuliko hilo. Aprili 1506 alishuka mwenyewe shimoni kuweka jiwe la msingi la Basilika jipya la Mtakatifu Petro. Lile la zamani, la Konstantino, lilikuwa na karibu miaka 1,200, na msanifu wake Bramante alilibomoa kwa haraka hadi watu wakamwita Bwana Mbomoaji. Jengo jipya lilikuja kutabarukiwa 1626. Fedha? Mwaka 1510 Julius alitoa hati ya rehema kwa watakaochangia ujenzi. Rehema, vijana wa komunio mnajua, haifuti dhambi. Ni kupunguziwa adhabu ya muda kwa aliyekwisha kutubu. Lakini ukishaweka sanduku la fedha kando ya kitubio, watu watasikia wanachosikia. Leo X, aliyemfuata, akaipeleka rehema hiyo Ujerumani kwa nguvu mpya, nusu ya makusanyo ikienda kulipa deni la askofu mkuu mmoja benki. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther akatuma hoja zake 95. Mchungaji, nilikuona ulivyokuwa ukitulia wakati Baba Kasisi anachekwa.

Tarehe 31 Oktoba imemfuata mtu huyu kama kivuli: ile ya kuingia kwenye uchaguzi, ile ya dari, na ile ambayo hakuishi kuiona.

Homa ilimchukua usiku wa kuamkia 21 Februari 1513. Kitandani aliulizwa kuhusu makardinali waliomwasi na kuitisha mtaguso wao Pisa. Akajibu kwamba kama Giuliano amewasamehe, ila kama Papa lazima sheria ifuate mkondo wake. Sentensi hiyo naipenda kuliko ngazi ya Mirandola. Na watu wa Roma, ambao kwa kawaida walisherehekea Papa akifa, walimiminika kubusu miguu ya maiti yake wakilia; msimamizi wa ibada zake aliandika kwamba hajawahi kuona umati kama ule. Borgia alikuwa akiwapigania wanawe. Huyu, pamoja na yote niliyoyasema, miji aliyoitwaa karibu yote aliiachia Kanisa, na hazina aliiacha na fedha. Nayo miji hiyo ilikwenda na mafuriko ya umoja wa Italia: Bologna 1859, Perugia 1860, Roma yenyewe Septemba 1870.

Baba Paroko ananionyesha saa, na chai inapoa. Limebaki suala la Sista na picha yake.

Mwaka 1505 Julius aliagiza kaburi ambalo halijapata kuonekana, sanamu kama 40, na Michelangelo akakaa miezi minane machimboni Carrara akichagua marumaru. Ndiyo yale marumaru ambayo fedha zake zilizungushwa. Kila Papa aliyefuata alikuwa na kazi nyingine ya kumpa fundi, na kila mkataba mpya ukalipunguza kaburi, hadi 1545 likamalizwa dogo, limeegemea ukuta katika San Pietro in Vincoli. Katikati amekaa Musa, ndevu ndefu, mkono juu ya vibao vya sheria. Watu husafiri kutoka pande zote za dunia kumwona. Sista alipiga picha mbele yake, na mwaka wa kwanza aliporudi alitueleza kwamba alisali dakika kumi penye kaburi la Papa Julius.

Sista, samahani sana. Hayupo pale. Alizikwa katika Basilika la Mtakatifu Petro pamoja na Sixtus, ndugu wa baba yake aliyempa ukardinali, na mwaka 1527 waporaji wa Roma wakafukua makaburi. Mabaki yao wote wawili yako chini ya sakafu, juu yake bamba la marumaru lisilo na sanamu yoyote. Watu hulipita wakiwa wameinua macho kuangalia kuba.